Maua Aliyoyapika Mama Nafula

Mlinisukuma niandike, basi nimeandika. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, ng'ombe wa babu walikuwa na haraka kuliko mwalimu, kwa hivyo mkikuta herufi imelala msiiamshe, piteni kando yake. Nyinyi mliobaki kwenye kitalu chetu cha miche pale Kariobangi mnajua sikufukuzwa. Ni magoti. Mtu wa miche anapiga magoti kuliko padri, na padri angalau amewekewa mto.

Brayo ndiye aliyeanza. "Buda," akasema, "hizo vitu ziko kwa kichwa yako utaenda nazo? Andika hata kwa karatasi ya sukari." Sukari daktari ameninyima, karatasi nimepata. Na kuna jambo moja mmeniuliza mara nyingi mkicheka: kwa nini lile boga linalotambaa kwenye seng'enge haliuzwi, na kwa nini wakati wake ukifika nafunga maua yake kwa uzi kama fundi wa nguo. Jibu lipo, lakini halianzii kwenye boga. Linaanzia kwa Mutua.

Nilipofika Nairobi nilikuwa nasimama kwenye malango ya viwanda pamoja na vijana wengine, msimamizi anatuchagua kwa kidole. Siku moja kidole hakikunifikia. Nikarudi kwa miguu, na kando ya mtaro pale Kariobangi nikamwona mzee Mkamba, ndiye huyo Mutua, ameketi juu ya debe, anajaza udongo kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini. Nikasimama kumtazama. Sikuwa na mahali pengine pa kusimama. Bila kuinua kichwa akasema, "Unanizibia jua. Kaa chini ujaze." Hiyo ndiyo barua yangu ya kuajiriwa.

Siku hiyo nilijaza kwa nguvu, nikashindilia kwa ngumi kama mtu anayepakia makaa kwenye gunia, nikitaka aone kwamba nafanya kazi. Mutua akachukua pakiti moja, akaibonyeza, ikakataa kubonyea. "Hapa umejenga nyumba," akasema. "Mzizi unapumua kama wewe. Ukimnyima hewa anakufa, na utasema ni ukosefu wa maji, utamwongezea maji, utamzika vizuri zaidi." Akazimwaga zote. Nikaanza upya. Mpaka leo nikiona mtu anashindilia udongo, mkono wangu unawasha.

Chombo cha Mutua kilikuwa wembe. Jembe alikuwa nalo, panga alikuwa nalo, lakini akitaka kukufundisha alitoa wembe mfukoni, umefungwa kwenye kipande cha kadi ili usimkate paja. Alikata ua la haibiskasi, lile jekundu linalopandwa karibu na milango ya makanisa, akalipasua katikati kama mtu anayechambua samaki. Haya makubwa ya rangi, akasema, ni bango la hoteli, nyuki asome ajue chakula kipo. Hizi nywele zenye unga ni za baba. Hivi vichwa vinavyonata hapa mbele ni mlango wa mama. Kisha akapasua chini kabisa, pale ua linaposhikana na kikonyo, tukaona vidoti vyeupe vimepangana.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Watoto wanaongoja. Unga usipofika mlangoni, hawazaliwi. Ua linaanguka, na watu wanasema ni jua kali."

Wajukuu wangu wanasema ule unga shuleni unaitwa chavua. Sawa, ni jina zuri. Sisi tuliuita unga, na ulifanya kazi vilevile. Kila punje moja ya unga inashuka mpaka ndani na kumfanya mtoto mmoja, yaani mbegu moja. Kwa hiyo tunda lenye mbegu nyingi limehitaji punje nyingi, na tunda lililopinda upande mmoja mara nyingi ni kwamba watoto wa upande ule unga haukuwafikia. Sikusoma haya popote. Niliyaona kwenye wembe.

Na Mutua aliniambia mimea haioani kwa namna moja. Haibiskasi ni baba na mama chumba kimoja. Boga ni baba na mama kwenye shina moja lakini kila mmoja na ua lake. Papai, wengi wao, mume ana mti wake na mke ana wake, na hapo ndipo muuza miche anapotukanwa. Maana mche wa papai ukiwa mdogo hakuna mtu wa kukuambia ni mume au ni mke. Ngojea ua. Mwanamume mmoja alitujia na panga kutoka upande wa Donholm, amebeba tawi lenye maua yanayoning'inia kama shanga, anasema tumemuuzia mti tasa. Mutua akamkaribisha, akampa stuli, akamwuliza, "Wewe umewahi kuzaa?" Yule bwana akasema hapana, mke wake ndiye. "Sasa kuna mtu amekujia na panga?" Yule bwana alicheka mpaka panga likalazwa chini. Aliondoka na miche mitatu na maagizo: panda yote shimo moja, ngoja ichanue, uache mke ung'oe wengine, na kama hakuna mume mtaani basi acha na mume mmoja mahali. Nyinyi mnawapa watu maagizo hayohayo, na mnafikiri ni yenu.

Mutua alirudi kwao Ukambani macho yakiwa yamemchoka. Hakufanya sherehe. Alinipa wembe akiwa ameufunga kwenye kadi mpya, akasema usiutumie kunyolea. Barabara ya Outer Ring ikapanuliwa, kitalu kikasukumwa nyuma mpaka hapo kilipo, mimi nikaota mvi. Sasa ndiyo nafika kwa Mama Nafula.

Mama Nafula alikuwa mjane wa mtu wa reli. Aliishi Donholm, nyumba ya chini kwenye ploti ya ghorofa, na mlango wake ulitazama kipande cha ardhi kilichobaki katikati ya ploti, ambapo watu walianika nguo na mvua ikinyesha palikuwa tope la kumeza kiatu. Alikuwa akinunua kwangu miche ya mboga za kienyeji, managu na saga. Aliniita shemeji kwa sababu marehemu mke wangu alitoka kijiji kilichopakana na kwao, na kwetu magharibi hiyo inatosha kabisa.

Alinijia asubuhi moja, hata salamu hakutoa. "Shemeji, narogwa."

"Na nani?"

"Ningemjua ningekuja kwako? Boga langu linatoa watoto wadogo kama kidole gumba, wanageuka manjano, wanaoza, wanaanguka. Nimeweka majivu. Nimeweka tumbaku. Yule wa ghorofa ya pili amenishauri pilipili."

Nikamwambia pengine ni samadi nyingi, au funza. Akanitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa glasi tupu. Ndipo akaniambia habari za lile boga. Mbegu ilikuwa ya mama yake. Boga la ngozi ya kijivu lenye vinundu, nyama yake kavu kama viazi vitamu, ukilichemsha jirani anabisha hodi bila sababu. Huko nyumbani watu walishaacha kulipanda, wanapenda haya mepesi ya sokoni. Mama yake alimwachia mbegu kwenye kitambaa pamoja na majivu, naye akaziweka juu ya kabati, na wadudu wakazila. Alipofungua, zilizobaki nzima ziliingia kwenye kiganja. Akazipanda zote. Ikaota moja.

"Hiyo moja ikifa bila kuzaa," akasema, "basi imekwisha. Si kwangu tu. Imekwisha."

Nikafunga kitalu, kitu ambacho sikukizoea, nikaenda naye.

Mmea ulikuwa na afya hata ukaniaibisha. Majani mapana kama sahani za harusi, shina limetambaa mpaka chini ya kamba za nguo. Nikapiga magoti, enzi hizo yalikubali. Ua la kike la boga hulikosi: chini yake kuna kaboga kadogo tayari, kamezaliwa kabla ya ndoa. Nikaona vile viboga vilivyogeuka manjano. Nikatafuta maua ya kiume. Hayo yana mguu mrefu mwembamba, hayana tumbo chini, na hutangulia kutoka kabla ya majike. Sikuona hata moja. Niliona miguu tu, imekatwa vizuri, kama mtu alipita na mkasi.

"Mama Nafula, yale maua ya mguu mrefu yako wapi?"

"Nimeyapika."

"Yote?"

"Na njugu za kusaga. Yale hayazai, shemeji. Yanakaa tu."

Nilicheka nikakaa chini kwenye tope. "Na marehemu alipokuwa akikaa tu pale kwenye kiti baada ya kazi, ulimpika?"

"Nilitamani," akasema, na yeye akacheka. Kisha akaelewa, akaacha kucheka.

Sikumlaumu, na nyinyi msicheke mkidhani alikuwa mjinga. Mama yangu mzazi alifanya hivyo. Kwetu majani ya boga ni mboga ya heshima, tunaiita seveve, na unapochuma ncha unachuma na maua marefu, yanatia utamu na rangi. Lakini kwetu maboga yametambaa boma zima na la jirani, nyuki wanaingia mpaka jikoni, ukipika maua ya kiume asubuhi yote bado yatabaki mengine nyuma ya choo. Desturi ile iliumbiwa shamba. Aliileta kwenye ploti yenye shina moja, akaifuata vilevile kama alivyofundishwa, na kila asubuhi akawa anawachemsha mabwana harusi wote.

Nikamwambia aache kuchuma kabisa, majani, ncha, chochote. Nikamwonyesha ua la kike lililokuwa karibu kuchanua. Kesho yake nikarudi mapema, maana ua la boga halikungojei unywe chai: linafunguka alfajiri na jua likishapanda linajifunga, halifunguki tena. Lilikuwa limechanua, zuri, la manjano nzito. Na hapakuwa na dume hata moja. Alikuwa amechuma hadi vichipukizi vyao.

Hapo pana jambo nililoogopa kumwambia. Kitaluni kwangu nilikuwa na boga la kawaida, lina madume tele. Ningeweza kukimbia nikaleta moja, nikapaka unga, na lile boga lingekua. Nikamwambia ukweli wote. "Likikua litakuwa na sura ya mama yako, ngozi na utamu, kwa sababu tunda ni mwili wa mama. Lakini mbegu zilizo ndani zitakuwa na baba wa Kariobangi. Ukizipanda mwakani, sijui atatoka nani."

Alilitazama lile ua. Nyuki hakupita. Kwenye ploti zile wanapuliza dawa ya mbu mara kwa mara, nyuki wanajua.

"Na tukiliacha?"

"Litaanguka. Tungoje lingine, na dume la nyumbani. Na mmea hauzai milele."

"Boga la kula nitanunua hata sokoni Muthurwa," akasema. "Acha lianguke."

Hilo sikulitegemea. Nimeona watu wazima wakishindwa kungoja papai liive.

Kisha ikaja habari ya kabro, yale mawe ya saruji ya kutandikwa uani. Mwenyekiti wa wapangaji, kijana mpole anayefanya kazi ofisini, alikuja kumwambia mafundi wanatandika mawe kwenye ploti nzima. Na alikuwa na sababu. Mama yake mzazi, tuliyemwita Shosho, anayetembea kwa mkongojo, alianguka kwenye lile tope akavunjika mkono. Wapangaji walichanga wote, hata Mama Nafula alichanga kabla boga halijaota. Angesema nini? Mkono wa Shosho ulikuwa bado umefungwa. Aliniambia habari hii kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi, halafu akaongeza, "Hana makosa yule mtoto."

Mmea nao, tangu uachwe kuchumwa, ulirudisha madume. Yakaanza kutoka moja moja, kama wanaume wanaorudi nyumbani baada ya ugomvi. Lakini majike yalikuwa yamepungua. Likabaki moja lenye tumbo zuri, karibu na ukuta. Jioni moja nikaliona limenenepa na rangi inaanza kuchungulia kwenye ncha, ishara kwamba kesho ndiyo siku. Na dume moja lilikuwa hivyohivyo. Nikayafunga yote mawili ncha zake kwa uzi, asiingie nyuki wa kupotea na unga wa mtaa mwingine. Mpangaji aliyekuwa anaanua nguo akauliza kama ndiyo dawa yenyewe. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Asubuhi nikakuta manyunyu. Unga ukilowa umeharibika. Mama Nafula alikuwa ameshatoka na leso kichwani, ameshika mfuniko wa sufuria kubwa juu ya ua kama mtu anayemshikia askofu mwavuli. "Umechelewa," akasema. Sikuwa nimechelewa.

Nikalichuma dume, nikafungua uzi, nikayakunja nyuma majani yake ya rangi nikayachana mpaka ukabaki ule mti wa katikati wenye unga. Nikamwambia yeye ndiye afanye. Akafuta vidole kwenye leso, nikalifungulia lile jike, akapaka unga pande zote polepole, midomo yake ikitembea. Sikuuliza anasema nini. Nikalifunga tena kwa uzi. Alibaki ameshika mfuniko mpaka manyunyu yakaisha, na mimi nikabaki nimesimama bure, maana kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Lilishika. Boga likishika unajua: shingo inanenepa, ile manjano ya huzuni haiji, kila siku unalikuta limekua bila kukuaga. Lilipofika ukubwa wa kichwa cha mtoto, lori la kabro likafika pia.

Alinipigia simu, nikaenda. Mafundi walikuwa wameanza upande wa lango, wanasawazisha udongo. Mama Nafula alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya shina lake, hazuii mtu. Mwenyekiti amesimama mbele yake anajikuna shingo.

"Mama, ningelihamisha kama linahamishika."

"Halihamishiki," nikasema. "Ukigusa mzizi sasa, boga litakuwa la kula leo. Mbegu zake bado ni maji."

"Mzee, nielewe. Mafundi wamelipwa ploti nzima. Nikiacha kwa huyu, kesho yule atataka kuacha pa kuku."

Mlango mwingine ukafunguka na Shosho akatoka, mkono mmoja umefungwa, mwingine kwenye mkongojo. Alivuka polepole, kila mtu akimwangalia asije akaanguka tena. Akafika, akalitazama boga muda mrefu.

"Hili lina vinundu," akasema. "Nililiona mara ya mwisho nikiwa msichana." Kisha akamgeukia mwanawe. "Haya mawe mnamwekea nani?"

"Wewe, mama."

"Basi hapa sitaki."

"Mama, mafundi wamepima..."

"Mimi nilianguka kule langoni. Hapa sijawahi kuanguka."

Fundi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alitazama angani, akatutazama sisi, akasema, "Sawa. Wacheni duara hapo, kama karai." Mafundi wakaacha duara kama karai. Mawe yakazunguka shina, na boga likalazwa juu ya gunia lililokunjwa, juu ya kabro mpya, likakomaa hapo kama mtu aliyepewa kiti cha mbele. Watoto wa ploti walipewa amri wasilipige mpira. Shosho alikuja kulikagua kila jua likitoka, sasa anatembea pakavu.

Tulingoja mpaka kikonyo kikakauka kikawa kama mti wa kuni na ukucha haukuingia kwenye ngozi. Hata hapo sikumruhusu alifungue. Likae ndani kwanza, mbegu zimalizie kunyonya. Alinitukana kwa lugha yetu, kwa heshima.

Siku ya kulipasua alituita mimi na Shosho. Alitumia panga na nyundo. Ndani palikuwa na rangi ya yai la kienyeji, na mbegu zimejaa pande zote. Lakini mbegu inaweza kuwa ganda tupu, na hilo nililijua, na nikaona na yeye analijua. Akachukua moja, akaibonyeza kati ya kidole na kidole. Akachukua ya pili. Ya tatu akanipa mimi. Ilikuwa nzito, imejaa. Nikamrudishia, akaiweka mdomoni akaishika hapo tu kidogo, kisha akaitoa akaiweka pamoja na nyingine kwenye kifuniko cha beseni. Halafu Shosho akauliza kama hilo boga linaliwa au linaangaliwa.

Zilipokauka alinigawia konzi moja. "Weka kwako, mbali na kwangu," akasema. "Wadudu wakinijia tena, wewe utakuwa nazo. Na wakikujia wewe, mimi."

Basi ndiyo hilo boga la kwenye seng'enge. Si la kuuza kwa sababu si letu peke yetu. Yeye anapanda kwenye lile duara, sisi tunapanda hapo, na wa upande mmoja akipoteza anachukua kwa mwenzake. Mimi sitaweza kupiga magoti tena pale. Kwa hiyo jioni, mkiona jike limenenepa na rangi inachungulia, lifungeni uzi, na dume moja lifungeni pia. Asubuhi fikeni kabla ya chai. Chaneni, pakeni, fungeni tena. Wembe wa Mutua uko kwenye kopo la misumari, msinyolee.

Na yale madume yakishamaliza kazi, msiyatupe kwenye mtaro. Yawekeni pamoja na ncha chache za majani, Brayo apitie Donholm akienda nyumbani. Mama Nafula anayangoja. Bado anayapika na njugu.